Mchoro Kabla ya Kisu: Mwongozo kwa Muundaji wa Lancaster Ndogo

Mtu aliyeazimia kuunda kwa mkono wake mfano wa ndege kubwa ya vita, awe ataichonga kwa mti, au ataijenga kwa plastiki, au ataiunga tu ile aliyoinunua ndani ya sanduku, hana budi kwanza kuwa na mchoro wa vipimo. Na kwa kuwa michoro ni mingi, nayo haipatani, na kila mmoja humjia mtazamaji kwa mistari safi iliyonyooka kana kwamba hakuna shaka ndani yake, basi kazi yake ya awali si kukata wala kubandika, bali ni kuusaili mchoro ule kama kadhi amsailivyo shahidi aliyesimamishwa mbele yake. Katika mwongozo huu nimeichagua ndege moja, Avro Lancaster ya Waingereza, kwa sababu imechorwa mara nyingi kuliko nyingi za rika lake, vipimo vyake vikubwa vinajulikana, na makosa ya wachoraji wake yana mafunzo kwa yeyote atakayechora B-17 ya Marekani au Heinkel ya Wajerumani.

Lancaster ilibuniwa na Roy Chadwick, mkuu wa wabunifu katika kampuni ya Avro, akiitoa katika ndege iliyoitangulia, Manchester, iliyokuwa na injini mbili za Rolls-Royce Vulture ambazo hazikuaminika. Akaziondoa hizo mbili, akarefusha mabawa, akatia injini nne za Merlin, na tarehe 9 Januari 1941 ndege ya kwanza ya namna hiyo ikapaa. Ilichukua watu saba, na hata viwanda vilipoacha kuiunda zilikuwa zimekwisha kutoka 7,377. Wala nisiseme habari za chombo hiki kana kwamba kilikuwa cha anasa: kilikuwamo katika kuiunguza Hamburg mwezi wa Julai 1943 na Dresden mwezi wa Februari 1945, na katika kikosi cha Kiingereza cha ndege za mabomu, kwa aina zote za ndege zake, walikufa watu 55,573. Muundaji anayeyajua hayo hatakuwa na haraka ya kupaka rangi, na aghalabu hatapenda kuunda ndege isiyo na namba wala tarehe.

Tuanze na skeli, ambayo ni nisba tu kati ya urefu wa karatasini na urefu wa kweli. Skeli iliyoenea kuliko zote kwa ndege za Vita vya Pili vya Dunia ni 1:72, nayo ilitokana na hesabu ya Kiingereza ya inchi moja kwa futi sita. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule waunde mifano 500,000 ya ndege kwa skeli hiyo hiyo, ili askari wajizoeze kutambua umbo la rafiki na umbo la adui kabla ya kufyatua. Lancaster, kutoka ncha ya bawa hili hadi ncha ya bawa lile, ni futi 102, yaani mita 31.09. Kwa skeli ya 1:72 urefu huo unakuwa milimita 431.8, kwa 1:48 milimita 647.7, kwa 1:144 milimita 215.9; na kwa 1:32 milimita 971.6, karibu mita nzima, na mtu anayekaa katika chumba cha kupanga na atafakari ni wapi atakakoitundika kabla hajaanza kununua vifaa. Rai yangu ni kwamba mwanzilishi ashikamane na 1:72, si kwa sababu ni rahisi, maana si rahisi, bali kwa sababu michoro iliyochapwa kwa skeli hiyo ni mingi, na mtu mwenye michoro mitatu anaweza kuipambanisha.

Maadam vipimo vya asili vya ndege hii viliandikwa kwa futi na inchi, usivigeuze kwanza kuwa mita ukavikata desimali zake, kisha ukavigawa tena ukavikata mara ya pili, kwani kila mkato hupoteza kidogo. Andika pembeni mwa karatasi yako kanuni hizi mbili nazo zitakutosha: kwa 1:72 kila futi ni milimita 4.233, na kila inchi ni milimita 0.353. Zidisha mara moja tu, nawe upo salama.

Sasa mchoro umekwisha kufika mkononi, labda umeutoa kitabuni, labda umeuchapisha kutoka katika kompyuta kwenye duka la fotokopi. Usiuamini. Mashine za fotokopi hunyoosha au kufinya karatasi kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na programu za kompyuta zina desturi mbaya ya kuupunguza mchoro ili utoshee ukurasa bila kumwuliza mwenyewe. Chukua rula ya chuma, maana ya plastiki hulika na joto huipinda, upime bawa lote kutoka ncha hadi ncha. Tuseme umepata milimita 425 badala ya 431.8. Gawanya kipimo kinachotakiwa kwa kipimo ulichopata: jibu ni 1.016, basi mwambie mwenye mashine aukuze kwa asilimia 101.6. Walakini usiondoke dukani hapo hapo. Pima nakala mpya katika upande wa pili wa karatasi pia, kwa urefu wa kiwiliwili, kwani nakala huweza kuwa sahihi kwa upana na pungufu kwa urefu. Na kosa la namna hiyo halitibiki kwa kukuza wala kupunguza, dawa yake ni kutafuta mashine nyingine.

Hapo kwenye urefu wa kiwiliwili kuna mtego. Vitabu havikubaliani: kimoja kitakuambia futi 69 na inchi 4, kingine futi 69 na inchi 6, na vingine vitapungua chini ya hapo. Sababu moja ya hitilafu za namna hii ni kwamba ndege yenye gurudumu la mkiani, ikiwa chini, huketi pua juu na mkia chini, na anayepima kivuli chake juu ya ardhi hapati urefu uleule wa anayepima kiwiliwili kilicholazwa sawasawa. Sababu nyingine ni bunduki za mkiani, ambazo huyu huzihesabu na yule hazihesabu. Kwa hiyo mimi huufanya upana wa mabawa kuwa shahidi wa kwanza, na urefu kuwa wa pili. Shahidi wa tatu, ambaye wengi humsahau ilhali ni mwaminifu kuwapita wote, ni rafadha: kipenyo chake katika Lancaster ni futi 13, yaani milimita 55 kwa 1:72, na kitu cha mviringo hakidanganyi kirahisi, kwani katika sura ya mbele mduara wake ukipimwa wima na ukipimwa kwa kulala hauna budi kutoa jibu moja. Wa nne ni chumba cha mabomu, ambacho kilikuwa na urefu wa futi 33 bila kizuizi katikati, nacho ndicho kilichoifanya ndege hii iweze kubeba mizigo isiyobebwa na nyingine. Katika mchoro wako kitafute kwa milimita 139.7.

Baada ya kuulinganisha mchoro na vipimo vya nje, ulinganishe wenyewe kwa wenyewe. Mchoro kamili una sura ya juu, sura ya chini, sura ya ubavuni na sura ya mbele, nazo zote ni habari za kitu kimoja, hivyo haziwezi kuhitilafiana. Shika bikari ya ncha mbili, uifungue kwa upana wa kiwiliwili katika sura ya juu, kisha uihamishe bila kuitikisa hadi sura ya mbele. Fanya vivyo hivyo kwa umbali wa injini ya ndani kutoka mstari wa katikati, kwa umbali wa injini ya nje, na kwa kimo cha mapezi ya mkiani ukitoka ubavuni kwenda mbele. Nimeona michoro mizuri ajabu, yenye kila ribiti mahali pake, ambayo injini zake katika sura ya mbele zilikuwa milimita mbili karibu zaidi kuliko katika sura ya juu. Na milimita mbili kwa skeli hii ni sentimita 14.4 katika ndege ya kweli. Wingi wa ribiti si dalili ya insafu ya mchoraji. Kichwa cha ribiti chenye upana wa milimita 5 kinakuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa 1:72, na hata mstari wa penseli wenye unene wa milimita 0.3 ni sawa na ubao wa milimita 21.6 uliotandazwa juu ya ndege. Basi aliyechora ribiti zote amechora kitu kisichoweza kuonekana, na yamkini muda huo ungemfaa zaidi katika kupima injini.

Makosa haya yana asili yake. Wakati wa vita michoro mingi ilitolewa kwa ajili ya kutambua ndege angani, na mfululizo wa vitabu ulioitwa Aircraft of the Fighting Powers, uliotoka Uingereza vita vingali vikiendelea, ulijaa michoro ya 1:72 ambayo waundaji waliipokea kwa furaha. Lakini katika siku hizo mambo ya ndege yalikuwa siri, na mchoraji aliyetegemea picha hakuwa na njia ya kupima alichokiona. Mtu wa baadaye akanakili, wa tatu akamnakili wa pili, na kosa likapata heshima ya umri. Ndiyo maana kupatana kwa michoro mitatu si ushahidi wa kitu iwapo yote mitatu imezaliwa na mmoja.

Jambo linalowapotosha hata mafundi wenye uzoefu ni mwinuko wa mabawa. Sehemu ya katikati ya bawa la Lancaster, ile iliyobeba kiwiliwili na injini mbili za ndani, imelala sawasawa. Sehemu za nje ndizo zinazopanda juu. Sura ya juu ya mchoro huonyesha bawa kama linavyoonekana na jicho lililo juu yake moja kwa moja, na bao lililoinuka likitazamwa hivyo huonekana fupi kuliko lilivyo. Ukikata kiolezo chako kwa kufuatisha sura ya juu, kisha ukaliinua bawa kwa mwinuko wake, ncha zitarudi ndani na upana wote utapungua. Tuseme kipande cha nje kina milimita 150 mchoroni na mwinuko ni nyuzi 7: urefu wake wa kweli ni kidogo zaidi ya milimita 151, na kwa mabawa mawili umepoteza zaidi ya milimita mbili. Njia ya kuepuka ni nyepesi: urefu wa bawa la nje upime katika sura ya mbele, ukifuata mteremko wenyewe wa bawa, na upana wake kutoka mbele hadi nyuma uupime katika sura ya juu.

Mikato ya kiwiliwili, yaani maumbo yanayopatikana kama ndege ingekatwa vipande kama mkate, ndiyo roho ya mchoro kwa mtu anayechonga, nayo ndiyo wachoraji wengi huikisia. Ubavu wa ndege hupigwa picha kila siku. Mkato wake haumpi mtu nafasi ya kuupiga picha. Katika Lancaster mgongo umeviringana, mbavu zimekaribia kusimama wima, na tumbo chini ya chumba cha mabomu ni bapa. Mchoro unaokuonyesha yai zuri la mviringo kutoka puani hadi mkiani haukuchorwa na mtu aliyesimama karibu na ndege hiyo. Ndege hii iliundwa kwa vipande vikubwa vilivyounganishwa mwishoni, kiwiliwili chake kikiwa na vipande vitano, ili viwanda mbalimbali viweze kugawana kazi na vipande visafirishwe barabarani. Basi mistari ya maungio hayo, ambayo huonekana wazi katika picha, ni vituo bora vya kuwekea mikato yako, kwa sababu mahali pake panaweza kuhakikishwa. Chora kila mkato nusu tu juu ya karatasi ya kufuatishia, ikunje kwenye mstari wa katikati, ukate nusu zote mbili kwa pamoja, kisha ubandike juu ya kadi ngumu. Kiolezo kilichokatwa hivyo hakiwezi kuwa na bega moja juu na jingine chini. Kwa anayechonga, mti wa msufi ni laini na mwepesi, nao hufaa pale ambapo balsa haipatikani, ijapokuwa nyuzi zake hutaka kisu kikali sana na msasa wa subira.

Baada ya hayo yote inabaki kuuliza: Lancaster ipi? Hapo ndipo mchoro ulio sahihi kwa kila kipimo unaweza kukuongoza kwenye upotevu, kwani ulikuwa sahihi kwa ndege nyingine. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa na mapezi matatu mkiani kama Manchester, ilhali zilizofuata zina mawili. Aina ya pili, zilizoundwa 300, haikuwa na Merlin bali injini za Bristol Hercules zilizo na uso wa mviringo, hivyo sehemu yote ya mbele ya bawa hubadilika sura. Ndege za Kikosi cha 617 zilizokwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943 ziliondolewa milango ya chumba cha mabomu na kuba la bunduki la mgongoni, ili bomu la kudunda juu ya maji lining'inie tumboni. Nyingine zilitolewa milango hiyo mwaka 1945 kwa ajili ya bomu la Grand Slam, lenye uzito wa ratili 22,000. Rafadha za awali zina mapanga membamba, za baadaye mapana. Nyingi zina kifuniko cha rada kilichovimba chini ya tumbo, nyingi hazina. Madirisha madogo ya mbavuni yapo katika za mwanzo, na baadaye yalipakwa rangi au hayakutiwa kabisa. Kanada iliunda 430 katika kiwanda cha Malton, na za mwisho kati ya hizo zilitiwa kuba la mgongoni la Martin, lililokaa mbele zaidi kuliko lile la Kiingereza. Hivyo mtu anayeunda ndege ya Kanada kwa mchoro wa ndege ya Uingereza ataliweka kuba mahali ambapo katika ndege ile hapakuwa na kitu. Chagua ndege moja, yenye namba yake, katika mwezi mmoja wa mwaka mmoja, kisha uandike maneno hayo juu ya karatasi kabla ya kitu kingine chochote.

Na katika kuchagua, jihadhari na zile zilizobaki hai. Zinazoruka bado ni mbili tu: PA474 ya jeshi la anga la Uingereza, iliyoko Coningsby, na FM213 ya jumba la makumbusho la Hamilton, Ontario. Mtu anayezipiga picha huona kuwa amepata ushahidi usio na kifani, nao ni ushahidi kweli, lakini ni wa siku aliyopiga picha. PA474 ilitoka kiwandani mwaka 1945 ikikusudiwa vita vya Mashariki ya Mbali, ambavyo vilikwisha kabla haijafika; ikavuliwa makuba ya bunduki, ikapewa Kikosi cha 82, ikawa inapiga picha za ardhi kutoka angani huku kwetu Afrika Mashariki, na Afrika Kusini pia. Kikosi hicho kilikuwa na kituo Eastleigh, Nairobi, na picha zake ziliwasaidia wapima nchi wa serikali ya kikoloni kuchora ramani za skeli ya 1:50,000, ambazo wazee wengi waliosoma jiografia Kenya wanazikumbuka. Makuba iliyo nayo leo yalirudishwa baadaye. Mtu akitaka kuiunda jinsi ilivyokuwa ilipopita juu ya nchi hizi, wala sijui kwa nini waundaji wa kwetu hawaiundi, itampasa achukue mchoro wa kawaida, afute makuba yote, kisha atafute picha za miaka ile zimwonyeshe jinsi mahali pake palivyozibwa. Ile R5868 iliyoko katika Jumba la Makumbusho la Jeshi la Anga huko Hendon, London, imefanya safari za vita zaidi ya 100 na haihitaji kuruka tena, hivyo inafaa sana kwa mambo ya umbo. Lakini nayo, kwa rangi na vifaa vidogo, itazamwe pamoja na picha za wakati wake.

Picha yenyewe ina taksiri zake. Kamera iliyo karibu hukuza pua na kudogosha mkia, hivyo usipime urefu wa kitu kwa picha iliyopigwa kwa upande. Picha ni ya kujibu ndiyo au la: dirisha lipo au halipo, rafadha ni nyembamba au pana, milango imo au imetolewa. Kipimo ukitake kwa mchoro, kuwapo kwa kitu ukutake kwa picha, na viwili hivyo vikigombana, picha yenye tarehe ndiyo ishinde kuhusu kuwapo, na mchoro uliohakikishwa ndio ushinde kuhusu ukubwa.

Ukifikia hapo, mchoro ule ulioununua au kuunakili haufai tena kufanyiwa kazi moja kwa moja, kwa kuwa umekwisha kujaa alama na masahihisho. Tandaza karatasi mpya ya kufuatishia, piga mstari wa katikati kwa kalamu nyembamba, simamisha vituo vya mikato kwa guni, kisha hamisha kila sehemu kutoka kwenye mstari huo kwenda nje, upande mmoja tu, na upande wa pili uupate kwa kukunja. Andika kila kipimo ulichokisahihisha kwa wino mwekundu pamoja na mahali ulipokipata. Toa kopi mbili. Moja ukate violezo, nyingine iviringishe usiikunje, uitie ndani ya bomba la plastiki mbali na unyevu, maana karatasi ya pwani wakati wa masika huvimba, nayo ikivimba vipimo vyako vyote itabidi uvianze upya kwa rula.